Simu ilikubali Kampala, Malaba ikakataa: barua pepe ya kampuni kwenye simu ya mkononi

Swali: "Mimi ni karani wa kampuni ya uwakala wa forodha. Ninafanya kazi Malaba, makao makuu yako Kampala, na kampuni ina seva yake yenyewe ya barua pepe. Mwezi uliopita nilikuwa Kampala kwa wiki moja, fundi wa ofisi akaniwekea barua pepe ya kazi kwenye simu yangu ya Android. Simu ilitoa onyo kuhusu cheti, yeye akachagua 'kubali vyeti vyote', na ikafanya kazi vizuri. Niliporudi Malaba haikuingia hata barua moja. Mwenzangu akabadilisha kitu, sasa barua zinaingia, lakini ninazoandika mimi zinakwama na haziendi. Tena nilifuta barua za zamani kwenye simu ili nipate nafasi, na kesho yake nikazikosa hata kwenye kompyuta ya ofisi yetu ya Malaba. Nikitumia kivinjari, ukurasa wa barua unaandikwa Roundcube. Nifanye nini? Na je, ni kweli kwamba mwajiri anaweza kuifuta simu yangu yote akiwa Kampala?"

Jibu:

Dada yangu, nakushukuru kwa kueleza mambo kwa mfuatano yalivyotokea, kwa maana mfuatano huo ndio uliobeba jibu. Simu yako ni nzima. Nenosiri lako nalo ni sahihi, kwa sababu lingekuwa na kasoro seva isingekupa barua hata moja. Ninachokiona ni kosa moja lililofanyika Kampala, naamini kwa haraka tu na bila nia mbaya, ambalo limezaa matatizo yako karibu yote: mahali palipotakiwa jina la seva, fundi aliandika namba yake ya ndani ya ofisi.

Unaweza kulihakikisha hilo sasa hivi. Fungua programu ya barua kwenye simu, ingia kwenye mipangilio, gusa akaunti ya kazi, kisha ushuke hadi chini kabisa, kwenye mipangilio ya barua zinazoingia na ya barua zinazotoka. Hizo ni kurasa mbili tofauti, na watu wengi hawajui kwamba ya pili ipo. Kwenye ile ya barua zinazoingia nategemea utakuta jina, tuseme mail.kampuniyenu.co.ug, kwa sababu ndilo mwenzako alilolisahihisha. Kwenye ile ya barua zinazotoka nategemea utakuta namba inayoanza na 192.168, au inayoanza na 10, au 172 ikifuatwa na namba iliyo kati ya 16 na 31.

Mafungu hayo matatu ya namba yalitengwa rasmi na wahandisi wa intaneti mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani ya majumba na maofisi peke yake, na hakuna njia ya intaneti inayoyafikia kutoka nje. Ni sawa na kumwelekeza mgeni aliyeko Tororo kwa kumwambia "chumba cha tatu mkono wa kushoto" bila kumtajia jengo: maneno hayo ni kweli kabisa kwa mtu aliyekwisha kuingia ndani, lakini kwa aliye nje hayana maana. Ulipokuwa Kampala, simu yako ilikuwa kwenye Wi-Fi ya ofisi, yaani ndani ya jengo, ndiyo maana kila kitu kilikwenda. Ulipotoka nje ya Wi-Fi hiyo namba ikafa, hata kabla basi halijafika Mukono. Mwenzako alipoweka jina upande wa kupokea, simu ikapata njia ya kupokea. Upande wa kutuma haukuguswa, kwa hiyo kila barua unayoandika inajaribu kwenda kwenye chumba ambacho simu haiwezi kukifikia, nayo inabaki pale pale.

Habari njema ni kwamba maelezo sahihi tayari unayo. Yako mezani kwako, ndani ya ile kompyuta ya Malaba ambayo inapokea na kutuma bila shida. Fungua mipangilio ya akaunti kwenye programu ya barua ya kompyuta hiyo, nakili jina la seva ya kupokea, jina la seva ya kutuma, namba ya poti ya kila moja na aina ya usalama, kisha uyaweke yale yale kwenye simu. Jambo moja tu linaweza kuharibu mpango huu, nalo ni kama ofisi ya Malaba imeunganishwa na Kampala kwa VPN ya kampuni, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti hadi kwenye mtandao wa ndani wa makao makuu. Hapo kompyuta nayo inahesabiwa kuwa iko ndani ya jengo, na huenda ukaikuta inatumia namba ile ile ya ndani. Ikiwa ni hivyo, au ukitaka kuwa na uhakika, mwandikie fundi ujumbe mfupi kama huu:

"Naomba unithibitishie jina la seva ya kupokea na poti yake, jina la seva ya kutuma na poti yake, aina ya usalama kwa kila moja, kama jina la mtumiaji ni anwani nzima au ni sehemu ya mwanzo tu, na kama seva inafikika kutoka nje ya ofisi bila VPN ya kampuni."

Fundi mwenye kuijua seva yake hujibu ujumbe huo kwa dakika mbili. Nimeona watu wakipoteza wiki nzima wakijaribu hiki na kile kwa sababu tu hawakuuliza swali lile la mwisho.

Majibu utakayopewa yatakuwa na namba chache zinazojulikana duniani kote, na inafaa uzielewe ili ukiona isiyofaa uitambue. Poti ni kama mlango: seva moja ina milango mingi, na kila mlango una kazi yake. Kwa kupokea kwa njia ya IMAP, ambayo ndiyo njia ambayo Roundcube yenyewe huitumia kusoma barua kwenye seva, mlango ni 993 ukiwa na usalama wa SSL/TLS, ambao huficha mazungumzo tangu neno la kwanza, au 143 ukiwa na STARTTLS, ambayo huanza wazi kisha ikayaficha. Kwa kutuma, yaani SMTP, mlango ni 465 ukiwa na SSL/TLS, au 587 ukiwa na STARTTLS. Namba na aina ya usalama huenda pamoja kama kufuli na ufunguo wake. Ukichanganya, kwa mfano ukaandika 993 halafu ukachagua STARTTLS, simu itazunguka muda mrefu kisha iseme seva haijibu, ingawa seva iko macho; kilichotokea ni kwamba kila upande unamngoja mwenzake aanze kusema.

Ukikuta 25 upande wa kutuma, hiyo haikufai. Mlango wa 25 ni wa seva kuzungumza na seva nyingine, na kampuni nyingi za intaneti huufunga kwa wateja wake ili kuzuia barua taka. Ndani ya ofisi mlango huo mara nyingi hufanya kazi, tena bila kuulizwa nenosiri, kwa sababu seva imeambiwa iwaamini wote walio ndani ya jengo, kama askari wa geti anayewapitisha wafanyakazi anaowajua kwa sura. Mtu wa nje akifika na barua ya kupeleka kwingine, askari huyo anamrudisha, na inapaswa amrudishe, la sivyo matapeli wa dunia nzima wangetuma barua zao kwa jina la kampuni yenu. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa barua zinazotoka hakikisha pia kwamba kisanduku cha "hitaji kuingia katika akaunti" kimewekwa alama, na kwamba jina la mtumiaji na nenosiri vimeandikwa humo upya. Simu nyingine hazivichukui vyenyewe kutoka upande wa kupokea.

Unapoandika, nenda taratibu. Kibodi ya simu hupenda kuweka herufi kubwa mwanzoni, na ukinakili anwani au nenosiri kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp mara nyingi nafasi moja tupu huja nalo mwishoni. Jicho haliioni, lakini seva inaihesabu kuwa ni sehemu ya nenosiri. Weka kidole mwisho wa neno na ufute mara moja, uone kama kinachofutika ni herufi au ni hewa. Na ukikataliwa mara tatu, acha. Seva nyingi zina mlinzi anayehesabu makosa, na akifikisha idadi fulani huifungia anwani nzima ya intaneti iliyotoka maombi hayo, yaani ile namba ambayo mtandao wako hujulikana nayo huko nje, si anwani yako ya barua pepe. Mitandao yetu ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo unaweza pia kukuta umefungiwa kwa makosa ya mtu usiyemjua. Subiri saa moja, au jaribu kupitia Wi-Fi, au mwombe fundi aangalie orodha ya waliozuiwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya nikujibu kwa urefu, nalo ni lile neno "kubali vyeti vyote". Hilo, dada yangu, ndilo kubwa kuliko kukwama kwa barua.

Cheti ni kitambulisho cha seva. Simu inapogonga mlango, seva huonyesha cheti chenye jina lake, kilichothibitishwa na shirika ambalo simu tayari inaliamini, na simu hulinganisha jina lililoandikwa kwenye cheti na jina uliloandika wewe kwenye mipangilio. Kwa kuwa fundi alikuwa ameandika namba, na cheti kina jina, viwili hivyo visingeweza kulingana hata kidogo, na simu ikafanya wajibu wake: ikaonya. Dawa ilikuwa kuandika jina. Badala yake akaiambia simu isiangalie vitambulisho tena. Onyo likanyamaza, lakini tangu siku hiyo simu yako inampa nenosiri la kampuni yeyote atakayejibu mlangoni.

Hebu tazama hili linavyoweza kutokea. Namba zinazoanza na 192.168 zinatumika kila mahali: nyumbani kwako, kwenye hoteli, kwenye mgahawa wenye Wi-Fi ya bure. Umekaa kwenye nyumba ya wageni hapo mpakani, umejiunga na Wi-Fi yao, na una barua moja iliyokwama inayojaribu kutoka. Simu inatafuta namba ile ile ya seva ya Kampala. Humo ndani namba hiyo inaweza kuwa ya printa, na hapo hakuna neno. Lakini mtu mwenye nia mbaya na kompyuta ndogo anaweza kujitwalia namba hiyo kwa makusudi, akajifanya seva, akaonyesha cheti alichojitengenezea mwenyewe. Simu iliyoambiwa ikubali vyeti vyote itampa jina la mtumiaji na nenosiri pale pale, bila kukuuliza, huku wewe ukinywa chai. Hata upande wa kupokea, ulioandikwa jina, hauko salama kama mpangilio huo bado umewekwa, kwa sababu mwenye kuumiliki mtandao wa Wi-Fi anaweza kulipeleka jina hilo anakotaka yeye.

Na mwizi wa barua za kazi hana haraka. Haibi kitu siku hiyo. Anasoma kimya kimya wiki mbili tatu, anajifunza nani hulipa ankara na nani huandika, mzigo gani uko njiani kutoka Mombasa na mteja anatakiwa kulipa nini. Halafu, siku ambayo mteja anasubiri ankara ya kweli, anapokea ankara inayofanana na yenu kwa kila kitu isipokuwa namba ya akaunti ya benki. Niliwahi kuitwa na kampuni moja baada ya jambo la aina hiyo kuwafika. Fedha hazikurudi, na aliyeumia zaidi alikuwa karani ambaye barua zilitumwa kutoka kwenye akaunti yake, ingawa hakuwa na hatia yoyote. Tangu siku hiyo nikiona mpangilio huo kwenye simu ya mtu siwezi kunyamaza.

Kwa hiyo fanya hivi, na kwa utaratibu huu. Kwanza weka majina sahihi ya seva pande zote mbili. Pili, kwenye aina ya usalama, chagua SSL/TLS au STARTTLS ile isiyo na maneno "kubali vyeti vyote". Tatu, kwa kutumia kompyuta ya ofisi, badilisha nenosiri la akaunti, ukianza na kompyuta kisha simu, ili lile la zamani, ambalo hatuna hakika limepitia wapi, lisifae tena. Nne, ingia kwenye Roundcube, fungua mipangilio, na uangalie sehemu ya vichujio au ya kupeleka barua mbele, kwa maana mwizi akishaingia hupenda kuacha kanuni ya kujitumia nakala ya kila barua. Ukikuta anwani usiyoijua, usiifute kabla ya kuipiga picha na kumwonyesha fundi.

Ukiisha kuweka jina sahihi na simu bado ikatoa onyo, basi sababu ni moja kati ya chache. Huenda tarehe ya simu yako si sahihi; angalia hilo kwanza, kwa sababu simu yenye tarehe ya mwaka juzi huona vyeti vyote kuwa havijaanza kutumika. Huenda cheti cha seva kimekwisha muda: vyeti vinavyotolewa bure na Let's Encrypt, ambavyo kampuni nyingi ndogo huvitumia, kwa kawaida hudumu siku 90, na fundi asipopanga vijihuishe vyenyewe, asubuhi moja kila simu ya kampuni itakataa kwa pamoja. Huenda simu yenyewe ni ya zamani mno: Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazilijui shina, yaani cheti mama, ambalo vyeti hivyo vinalitegemea. Au huenda kampuni imejitengenezea cheti chake yenyewe, jambo ambalo zamani lilieleweka kwa sababu vyeti vilikuwa vya kununua, lakini tangu mwaka 2016 vya bure vimepatikana kwa kila mtu na sioni udhuru uliobaki. Katika hali hizo tatu za mwisho huna la kufanya kwenye simu isipokuwa kumweleza fundi. Usikubali kurudishwa kwenye "kubali vyeti vyote" kwa sababu eti wengine wote wanafanya hivyo.

Kuna VPN nyingine ambayo lazima niitaje, kwa kuwa iko kwenye simu nyingi za Uganda. Kodi ya mitandao ya kijamii ilipoanza Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, watu wengi waliweka programu za bure za VPN, na Facebook ilipofungwa Januari 2021 wengine wengi wakaziweka pia. Programu kama hiyo ikiwa imewashwa, seva yenu huona maombi yako yanatoka Ulaya au Marekani, na mafundi wengi huzuia nchi ambazo kampuni haina mfanyakazi. Isitoshe, mwenye VPN ya bure humjui, naye anakaa katikati ya simu yako na seva. Cheti kikikaguliwa ipasavyo hataweza kusoma barua zako, kisipokaguliwa ataweza. Izime unapofanya kazi. VPN ya kampuni, ukipewa na fundi, ni jambo jingine kabisa, nayo uiwashe.

Na kwa kuwa uko Malaba, angalia juu ya kioo cha simu ni mtandao gani umeandikwa. Karibu na daraja simu hushika minara ya Kenya, na data ya ng'ambo kwa kawaida huwa imezimwa, hivyo barua husimama bila kosa lolote la mipangilio. Chagua mtandao wako wa Uganda kwa mkono kwenye mipangilio ya laini badala ya kuiachia simu ichague yenyewe.

Barua ulizozifuta. Hapa simu haikukosea. Ilifanya vile IMAP inavyotakiwa kufanya. Kwa IMAP barua hukaa kwenye seva, na simu na kompyuta ni madirisha mawili yanayotazama chumba kimoja. Ukitoa kitu chumbani kupitia dirisha la simu, hakionekani tena kupitia dirisha la kompyuta. Nenda leo hii, usingoje kesho, ufungue Tupio kwenye Roundcube. Seva nyingi huhifadhi zilizofutwa kwa siku kadhaa kabla ya kuziondoa kabisa, na ukizikuta humo zirudishe kwenye kikasha. Zisipokuwepo, mwombe fundi azitafute kwenye nakala za akiba za seva, ukimtajia tarehe uliyofuta, kwa sababu nakala hizo nazo huandikwa juu ya nyingine kadiri siku zinavyopita. Nafasi kwenye simu unaipata kwa njia nyingine: kwenye mipangilio ya akaunti, iambie simu ishushe barua za siku 7 au 30 tu, na izime tabia ya kupakua viambatisho yenyewe. Zilizobaki zitaendelea kukaa kwenye seva zikiwa salama. Mtu asije akakushauri uhamie POP3 ili kuepuka jambo hili. Njia hiyo inaweza kuzishusha barua kwenye kifaa kimoja na kuziondoa kwenye seva, na wewe mwenye vifaa viwili utaanza kutafuta hati za mteja mmoja mahali pawili.

Kuhusu mwajiri kuifuta simu yako: kwa seva mliyonayo sasa, hapana. IMAP na SMTP hazina amri ya kufuta simu. Akaunti yako ikifungwa au nenosiri likibadilishwa, simu itaacha kupata barua mpya, lakini zilizokwisha kushuka zitabaki humo. Waliokuambia hivyo huenda waliwahi kufanya kazi kwenye kampuni yenye mfumo wa barua wa Microsoft Exchange, ambako ukiiunganisha simu kwa njia ya ActiveSync hutokea ukurasa wa kuomba ruhusa, na miongoni mwa maneno yake lipo lile la kufuta data yote. Ruhusa hiyo ni ya kweli, na msimamizi akiitumia simu inaweza kurudi kama ilivyotoka dukani, pamoja na picha za watoto wako. Matoleo mapya yameongeza njia ya kufuta akaunti ya kazi peke yake. Siku kampuni yenu ikihamia huko, soma ukurasa huo kabla ya kugusa "kubali", uulize kwa maandishi ni ipi kati ya njia mbili hizo watakayoitumia, na kama hukuridhika omba simu ya kazi.

Kwa kuwa hakuna anayeweza kuifuta kutoka Kampala, ulinzi wa barua hizo uko mikononi mwako. Weka namba ya siri kwenye kioo, hakikisha huduma ya Google ya kutafuta simu iliyopotea imewashwa, na ikipotea mjulishe fundi saa hiyo hiyo ili afunge akaunti, kisha mwajiri. Usingoje kwa aibu. Hati za forodha zina majina, namba za simu na namba za kodi za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza data za watu atoe taarifa mara moja zinapoangukia mikononi mwa asiyehusika. Mwajiri hawezi kutimiza hilo kama wewe hujamwambia.

Mambo mawili madogo. Programu ya Gmail huangalia akaunti za IMAP kwa vipindi, na cha karibu zaidi ni kila dakika 15, kwa hiyo barua ikichelewa kidogo si kosa; ukitaka ziingie papo hapo, tumia Thunderbird ya Android, ambayo zamani iliitwa K-9 Mail, na uiondolee vikwazo vya betri, kwa maana simu nyingi zinazouzwa kwetu huua programu zinazofanya kazi nyuma ili kuokoa chaji. Pia faili huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja linaposafirishwa kama kiambatisho: hati ulizoskani zenye MB 9 zitakataliwa na seva yenye kikomo cha MB 10, na barua itakaa ikisubiri kama ile iliyokwama kwa sababu ya namba, kumbe sababu ni nyingine.

Ukimaliza kuweka yote, zima Wi-Fi, ubaki na bando la simu peke yake, hapo hapo Malaba, kisha ujiandikie barua fupi isiyo na kiambatisho kwenye anwani yako hiyo hiyo ya kazi. Ikirudi kwenye kikasha, njia zote mbili ziko wazi. Fungua Roundcube uone kama nakala yake iko kwenye barua zilizotumwa. Isipokuwepo, simu inaihifadhi kwenye folda nyingine yenye jina linalofanana, na utaiona kwenye orodha iliyo pembeni. Barua ikikwama tena, usibadilishe kitu. Piga picha maneno ya kosa kama yalivyo, andika na saa kamili, umtumie fundi, kwa sababu akiwa na saa hiyo ataikuta simu yako kwenye kumbukumbu za seva na ataona ni kwenye mlango upi ilikogonga na ilijibiwa nini.